Maoni Yanauzwa Ghorofa ya Tatu

Asubuhi moja mwenye duka la simu aliandika kwenye kundi la jengo: "Geti ya simu ni nzuri. Mnasemaje. Tuko pamoja." Kabla hajaiweka simu chini, Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili alikuwa ameshamjibu: kwanza husemwa "geti la simu", pili swali huwekewa alama ya kuuliza, na tatu, hatuko pamoja.

Jengo zima lilicheka, kila mtu chumbani kwake. Mmoja tu hakucheka. Alikaa wima kwenye kochi la dada yake kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

Huyo aliitwa Hoja. Jina alipewa na watu, na halikuwa la bure, maana palipo na watu wawili wanaobishana, kidole chake cha shahada hakikukaa chini. Mjini alikuwa ameuza mengi. Aliuza stika za kuzuia mionzi ya simu. Aliuza mafuta ya kurefusha uhai wa betri, ambayo ukiyanusa vizuri yalikuwa ya kupikia. Mwaka mmoja mzima aliishi kwa kuwasomea watu masharti marefu ya programu za simu na kuwashauri, kwa ada ndogo, wabonyeze "nakubali". Lakini mji ulikuwa umemzoea, na mjanja aliyezoeleka hana kazi. Akaishia kwa dada yake mkubwa, muuguzi, ghorofa ya tatu, kwa siku tatu ambazo sasa zilikuwa na miezi minne.

"Mwisho wa mwezi," dada alikuwa amemwambia, akifunga vifungo vya sare yake. "Sitaki maelezo, sitaki hesabu. Nataka kulikalia kochi langu."

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Jengo lilikuwa na ghorofa nne, familia sitini, na geti moja la chuma. Uchaguzi wa mwenyekiti wa wakazi ulikuwa unakaribia. Mwenye duka aligombea kwa ahadi moja: geti jipya linalofunguka kwa simu, ambalo kwa bahati njema angeliuza yeye. Mwalimu aligombea kwa kumpinga: kufuli lipo, ufunguo upo, mlinzi yupo. Mlinzi alikuwa mzee aliyelala mchana na kukesha usiku pale getini kwa miaka kumi na mmoja. Geti la simu likija, yeye ataondoka. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyeliandika kundini, kwa sababu ni vigumu kuliandika na kuliwekea picha ya ua chini yake.

Hoja alivaa shati lake la kola, akashuka mpaka dukani.

"Kaka mkubwa," alisema, akishika kifua, "nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Msiba. Nimeona kundini."

Mwenye duka, mtu mnene mwenye shingo fupi, aliachia bisibisi mezani. "Yule mama alinifundisha darasa la nne. Mpaka leo akiniandikia, nasikia harufu ya chaki. Nafungua mdomo, maneno yanakimbia."

"Basi tatizo ni dogo. Wewe una hoja, huna maneno. Mimi nina maneno, sina..." Hoja alinyoosha macho taratibu mpaka kwenye rafu ya kioo. "Sina simu inayoeleweka."

Alitoa ya kwake. Skrini ilikuwa imepasuka hivi kwamba kila ujumbe ulionekana kama umekatwa kwa panga. Mwenye duka aliitazama kwa huruma ya kitaalamu. Wakakubaliana: Hoja aandike, mwenye duka atume kwa jina lake, na simu mpya ya laini mbili itoke kwenye boksi leo leo.

Ujumbe wa kwanza ulitumwa kabla ya adhuhuri. "Ndugu wakazi. Mama anarudi kazini. Mtoto yuko mgongoni, mfuko mkono wa kulia, mwavuli mkono wa kushoto, mvua inanyesha. Naomba Mwalimu atufundishe: ufunguo autafute kwa mkono upi?"

Vidole gumba ishirini na tatu vikashuka kama mvua yenyewe. Mtu aliyekuwa hajawahi kuandika chochote isipokuwa picha ya ua na "asubuhi njema" aliandika, "Duh." Mwalimu alijibu kwa ujumbe mrefu kiasi kwamba simu ilibidi iukate na kuandika "soma zaidi". Hakuna aliyesoma zaidi.

Kesho yake Hoja aligonga mlango ghorofa ya pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua viatu."

Mwalimu alikuwa mezani na daftari la mistari, akinakili makosa ya kundi la jengo kwa kalamu nyekundu. Mwenye duka alikuwa na ukurasa wake peke yake. Wengine waligawana.

"Mwalimu, jana uliandika mistari themanini."

"Themanini na minne."

"Wamesoma mitatu."

"Mbona wamenibonyezea kidole gumba watu sita?"

"Aliyebonyeza kidole gumba hajasoma, Mwalimu. Aliyesoma hubishana."

Mwalimu alivua miwani. Alikuwa ameshashuku jambo hilo, na kulisikia kutoka kwa mtu mwingine kulimuuma. "Na ukiniandikia wewe, huo si udanganyifu?"

"Udanganyifu ni kumfanyia mtu mtihani. Mimi sikufanyii, nakufupishia tu."

Mjanja wa kweli hupata neno ambalo mhanga atalitumia kujisamehe mwenyewe, kisha hunyamaza. Hoja alinyamaza. Macho yake yalikuwa juu ya kompyuta mpakato iliyokuwa bado ndani ya nailoni yake. Mtoto wa Mwalimu aliituma kutoka mbali, na Mwalimu aliitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke.

"Chukua," alisema Mwalimu. "Lakini nitasahihisha kabla hatujatuma."

Jioni hiyo kundi lilipata ujumbe wa Mwalimu wenye mistari miwili tu: "Ufunguo ukipotea, fundi huuchonga kwa dakika kumi. Simu ikipotea, mwizi anaingia na wewe unabaki nje ukimpigia makofi." Mtu wa ghorofa ya nne aliandika, "Mwalimu kawaka!" na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwalimu hakusahihisha.

Basi maisha ya Hoja yakawa matamu. Akinywa chai, alimtukana Mwalimu kwa niaba ya mwenye duka. Akimaliza kula mchana, alimjibu mwenye duka kwa niaba ya Mwalimu, na wakati mwingine jibu lilikuwa zuri mno hadi akajikasirikia. Ndugu waliacha kusalimiana kwenye ngazi. Mume na mke wa ghorofa ya kwanza walikula meza tofauti, mume akiwa wa kufuli, mkewe akiwa wa simu. Waliokuwa wakituma picha za maua walianza kutuma maoni, na maoni ya watu wa maua, ikumbukwe, ndiyo makali kuliko yote.

Kasoro ilikuwa moja. Siku moja, Hoja akipita getini kwenda kununua chaja, mlinzi alimshika mkono. Simu ya mlinzi ilikuwa ya vibonye, haikuwa na kundi lolote.

"Kijana wangu, wewe ni mtu wa kusoma. Wanasemaje humo ndani ya simu? Wamenifukuza au bado?"

Asubuhi ile ile Hoja alikuwa ameandika, kwa jina la mwenye duka, "Geti la simu halisinzii." Alikuwa amejisifu kwa sentensi hiyo mpaka akajipigapiga begani.

"Bado, mzee," alisema. "Wanajadiliana tu."

"Wakimaliza, uniambie mapema. Nina vyombo vya kufunga."

Hoja aliendelea na safari, akarudi na mzigo mmoja tu, nao haukuwa chaja. Hakuuita dhamira. Mtu wa biashara yake akianza kuita vitu kwa majina yake hafiki mbali. Aliuita uchovu wa kazi.

Pamoja na uchovu huo kulikuwa na hatari. Watu walikuwa wamechoka. "Ameondoka kwenye kundi", kundi liliandika Jumatatu. "Ameondoka", "ameondoka", likaandika Jumanne. Kundi likifa, biashara inakufa. Ilitakiwa sauti ya tatu, ya mtu asiye na upande, mwenye kuwachokoza wote wawili kwa upole ili kila mmoja aogope na aongeze dau. Hoja aliweka laini mpya kwenye simu mpya, akamwomba mwenye duka, aliyekuwa admini, aiingize namba hiyo. "Ni mpangaji wa chini," alimwambia, "mtu wa haya, lakini anakukubali." Jina alilojipa lilikuwa Jirani Mpole.

Jirani Mpole aliandika: "Samahani kwa kuingilia. Umeme ukikatika, geti la simu linafunguka? Na kufuli, funguo zipo sitini. Tunajua ziko kwa nani? Na mzee wetu wa getini, kuna aliyemuuliza yeye?"

Hoja alitarajia mlipuko. Badala yake mama mmoja wa ghorofa ya kwanza aliandika, "Huyu mtu alikuwa wapi siku zote?" Walioondoka wakaomba kurudishwa. Ndani ya wiki, mtu akiandika matusi, mwingine humjibu, "Ngoja tumsikie Jirani Mpole." Na Jirani Mpole akasema. Hoja aligundua, kwa mshangao, kwamba kuandika jambo la maana ni rahisi: unaandika unachokiona, halafu unaacha.

Dada yake alisoma kundi akiwa zamu, akiwa kitandani, akiwa anachemsha maji. Alisoma Jirani Mpole mara mbili, akatazama kochini, akaguna.

Siku tano kabla ya uchaguzi mwenye duka alimwita Hoja nyuma ya duka. Shingo yake fupi ilikuwa imezidi kuwa fupi.

"Huyu Jirani Mpole ananimaliza. Mvunje."

"Kumvunja mtu mpole ni kazi ngumu, kaka."

"Chukua televisheni ile. Mpya. Mvunje."

Jioni Mwalimu naye alimkaribisha, bila hata kumwambia avue viatu, jambo lililomwogopesha. "Yule mtu anaandika vizuri mno," alisema. "Sijampata kosa hata moja. Mtu asiye na makosa anaficha jambo." Akamsogezea birika la umeme lililokuwa bado kwenye boksi.

Hivyo Hoja, mtu mmoja, akaajiriwa na watu wawili kumshambulia mtu wa tatu ambaye ni yeye. Alifanya kazi kwa uaminifu. Kwa mkono wa mwenye duka aliandika, "Kiongozi asiyeonekana ni mzimu." Kwa mkono wa Mwalimu aliandika, "Upole si sera." Kwa mkono wake mwenyewe akajibu, akidhani anajizika kabisa, "Ni kweli, sistahili. Mchagueni mwingine."

Hapo ndipo alipokosea. Watu wa jengo lile walikuwa wamewasikia wanasiasa wa kila aina, ila hawakuwahi kumsikia anayesema hastahili. Walimpenda kama mtu anavyopenda mnyama adimu. Mpaka Ijumaa ilikuwa wazi kwamba jina la Jirani Mpole litakuwa kwenye kura, atake asitake.

Hoja alifunga mfuko. Simu, kompyuta, televisheni ndani ya shuka, birika. Angeondoka Jumamosi asubuhi watu wakiwa uani kwenye mkutano wa uchaguzi. Lakini saa tatu, Hoja akiwa ameshika mfuko, dada yake alisimama mlangoni na viti viwili vya plastiki.

"Shika hivi, tushuke."

"Dada, mimi kichwa—"

"Kichwa kinauma? Nina sindano."

Akashuka. Vitu vikabaki.

Uani kulijaa. Kila mtu alikuwa amekaa karibu na jirani aliyemtukana kwa wiki tatu, na ana kwa ana walikuwa wanaulizana habari za watoto. Kura ilipigwa kwa simu, humo humo kundini, wote wakiwa wameinamisha vichwa kama darasa la imla. Mwenye duka kura tisa. Mwalimu kumi na moja. Jirani Mpole thelathini na nane.

"Ajitokeze!" mtu alipiga kelele. "Ajitokeze! Ajitokeze!"

Hakuna aliyejitokeza. Hoja alikuwa anatazama sana kidole gumba chake cha mguu. Ndipo dada yake aliposimama, akiwa na sare yake ya kazi, na sauti aliyoitumia kuwatuliza wagonjwa wodini.

"Jirani Mpole yupo hapa. Ana haya tu. Ni huyu mdogo wangu."

"Una hakika gani?" aliuliza mwenye duka, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Huyu nimemlea. Barua zake za kuomba msamaha nimezisoma tangu akiwa darasa la pili. Hata angeandika kwa mguu ningemjua."

Hoja alifunga macho akisubiri kipigo. Kikaja kishindo, lakini kilikuwa cha makofi. Mama wa ghorofa ya kwanza alimkumbatia. Mume wa kufuli na mke wa simu walimshika kila mmoja mkono wake. Kwa muda mfupi, na hili linamhusu yeye peke yake, Hoja alisikia raha ambayo hakuna mafuta ya betri yaliyowahi kumletea.

Katikati ya makofi, Mwalimu na mwenye duka walikuwa wamegeukiana polepole.

"Huyu ndiye aliyekuwa ananiandikia mimi," alinong'ona Mwalimu. "Wewe ulimpa nini?"

"Simu." Mwenye duka aliendelea kupiga makofi. "Na televisheni. Wewe?"

"Kompyuta. Na birika."

Wakatazamana. Kumtaja Hoja kungekuwa kujitaja wenyewe, mbele ya jengo zima. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne, mwalimu na mwanafunzi walielewana bila kusemeshana.

Mwalimu alisimama. "Mimi nimeshindwa kwa haki, nampongeza mwenyekiti. Na kwa moyo mweupe, natoa kompyuta kwa ajili ya ofisi yake. Tayari anayo, nimeshamkabidhi."

"Nami natoa simu!" akadakia mwenye duka. "Laini mbili. Mojawapo iwe ya wakazi, isizimwe usiku wala mchana. Tayari anayo pia."

Makofi yakarudi, makubwa zaidi.

"Iandikwe kwenye kumbukumbu," Mwalimu akaendelea, na sasa alikuwa anafurahia, "kwamba vifaa hivi ni mali ya jengo. Mwenyekiti akiondoka, vinabaki. Pia niwakumbushe katiba yetu, niliyoiandika mwenyewe, kifungu cha saba: mwenyekiti hatalipwa, na atakaa chumba cha chini, jirani na pampu ya maji, ili apatikane kwa urahisi."

Hakuna aliyewahi kusoma kifungu cha saba. Wote walikiunga mkono.

"Na geti je?" mtu akauliza. "Simu au kufuli?"

Macho ya uwanja mzima yalimgeukia Hoja, na mbali kidogo, getini, mlinzi naye alikuwa amesimama na kofia mkononi. Hoja alifungua mdomo. Hakuwa amelipwa na mtu yeyote kusema chochote, na maneno hayakuja kirahisi.

"Mlinzi abaki," alisema mwishowe.

"Na simu?"

"Simu... apewe mlinzi." Alikohoa. "Ukiwa na mtoto na mwavuli, unampigia, anakufungulia. Umeme ukikatika, yeye hakatiki."

Kisha mwenye duka, ambaye tayari alikuwa anafikiria ni simu ipi ya kuliuzia jengo, alianza kupiga makofi kwa dhati. Mlinzi alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena, akaenda kufungua geti ambalo hakuna aliyekuwa anapita.

Alasiri, Hoja alipopata nafasi ya kupumua, alikumbuka kitu kilichompa nguvu. Televisheni na birika havikutajwa mkutanoni. Walitaja simu, walitaja kompyuta, basi. Televisheni mpya ina bei yake popote. Alipanda ngazi mbili mbili.

Dada yake alikuwa amekaa, miguu juu ya kiti, kikombe mkononi. Birika lilikuwa linafuka mvuke kwenye meza. Televisheni ilikuwa ukutani, imetundikwa kwa misumari minne, inasema.

"Dada," Hoja alianza kwa sauti ya asali, "hiyo televisheni..."

"Ipi?"

"Hiyo."

"Ah, hii. Mwenye duka amepita hapa kunitundikia. Amesema alimpa mtu anayekaa nyumba hii. Sasa nikajiuliza." Alipuliza chai yake. "Wewe unakaa wapi, mdogo wangu?"

Hoja aliinua kidole. Kikabaki hewani, kikatafuta hoja, hakikuipata, kikashuka.

"Karibu na pampu," alisema.

"Basi."

Simu ya wakazi ililia mfukoni mwake. Ilikuwa inalia kwa mara ya tisa tangu saa sita. "Mwenyekiti," ilisema sauti ya mama mmoja, "huku ghorofa ya nne maji hayapandi. Nina nguo zenye sabuni. Ulisema lini?"

"Saa kumi, mama. Niko njiani."

Dada yake alimnyooshea spana kutoka kwenye droo bila kutoa macho kwenye skrini, ambako mgombea mmoja mwenye tai nyekundu alikuwa anaahidi maji kwa kila nyumba ifikapo mwaka ujao, na watu wanashangilia. Hoja alimsikiliza kidogo, kwa sikio la mtu wa fani. Alimwona mgombea yule ana kipaji. Kisha akashuka ngazi mbio, maana yeye ahadi yake ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili, na ghorofa ya nne walikuwa tayari wamesimama kwenye ngazi na ndoo.